Fundi Aliyechoma Fyuzi Moja Kutoka Kila Pakiti

Bwana Duke Motari, fundi mkuu wa karakana yetu ya Migori, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, akiwa ameutumikia Mradi wa Zahanati za Ziwani kwa miaka ishirini na tisa na karibu miezi minne. Aliajiriwa Homa Bay tarehe 4 Machi 1996, akiwa na cheti cha umeme wa magari na ovaroli moja aliyoifua kila Ijumaa alasiri kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Katika miaka yote hiyo ni wachache waliomwita kwa jina lake. Ni Fundi tu. Hata mkewe akipiga simu ofisini huuliza kama Fundi yupo.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike kurasa hizi kwa sababu dirisha la stoo yangu linatazamana na mlango wa karakana yake, na nimemwona akiingia na kutoka kwa miaka kumi na miwili. Mimi ni Bathsheba Bonareri, mtunza stoo. Marehemu mume wangu, Simeon Oyaro, alikuwa dereva wa mradi huu na rafiki wa Fundi. Wawili hao walikula chakula cha mchana wakiwa wamekalia tairi kuukuu la lori. Simeon alikuwa na tabia ya kumenya viazi vitamu kwa kisu cha kuchunia nyaya. Fundi alimgombeza kila siku kwa ajili ya kisu hicho, halafu akakila hicho kiazi.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya injini za mashua na jenereta za friji za chanjo. Mwaka 2004 alipelekwa Ntimaru kufunga umeme wa jua kwenye zahanati mbili. Alikaa huko miaka miwili, akarudi akiwa anajua Kikuria cha kutosha kukataa kuongezewa ugali, ingawa alisema hakikumsaidia hata siku moja. Mwaka 2011 mradi ulipata pikipiki zake za kwanza za magurudumu manne, ambazo sote tunaziita kwadi. Miaka miwili baadaye Fundi alihamishiwa Migori ili awe karibu nazo, maana ndizo zilizokuwa zikienda Nyatike kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha haupitishi gari.

Kwadi inapotoka kiwandani ni chombo kitupu. Ina taa yake, honi yake na injini. Sisi tuliiongezea vitu: friji ndogo ya chanjo nyuma ya kiti, na taa kubwa ya mbele kwa ajili ya asubuhi zenye ukungu. Vyote viwili vinakula umeme wa betri moja, kwa waya unaopita chini ya kiti, na chini ya kiti hichohicho ndipo lilipo tangi la petroli, la plastiki. Fundi alipoiona kwadi ya kwanza alikinyanyua kiti, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akakirudisha taratibu kama mtu aliyekuta nyoka amelala. Siku hiyo hakutaka chai.

Tangu hapo kazi yake kubwa, ambayo wageni wa makao makuu hawakuwahi kuiona kuwa kazi, ikawa kuchagua fyuzi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuketi darasani kwake, fyuzi ni kile kijiplastiki chenye miguu miwili ya bati na kiuzi chembamba cha chuma katikati. Umeme ukizidi, kiuzi kinayeyuka na kila kitu kinazima. Zote zina umbo moja. Ya ampea kumi, ya kumi na tano na ya thelathini zinaingia kwenye tundu lilelile, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu tundu halikatai. Anayekataa lazima awe mtu.

Alitufundisha sote, mpaka mimi wa stoo. Kwanza unajumlisha vitu vyenyewe. Friji inakula ampea tano, taa inakula saba, jumla kumi na mbili. Unaongeza robo, unapata kumi na tano. Halafu, kabla hujagusa fyuzi yoyote, unautazama waya. Ikiwa waya ni mwembamba na hauwezi kubeba kumi na tano, huna ruhusa ya kuweka kumi na tano hata kama vitu vinaitaka. Unabadilisha waya kwanza. Alisema fyuzi hailindi friji wala taa. Inalinda waya, na waya ndio unaolala na petroli. Kwenye kwadi zetu zote aling'oa nyaya za mwanzo akapitisha nene, na fyuzi akaiweka karibu na betri kiasi cha upana wa kiganja, ili pasiwe na kipande kirefu cha waya kisicho na mlinzi.

Waendeshaji hawakumpendea hayo. Bravin Otieno, mwendeshaji wetu wa Sori, mwaka wake wa kwanza alichoka na fyuzi kukatika akaweka ya thelathini aliyoinunua sokoni, akaja Migori akijisifu kwamba tatizo limeisha. Fundi alikinyanyua kiti, akaiona, akamwita aje karibu.

"Bravin, umekalia tangi la petroli, na chini yake umewasha jiko. Sasa niambie unapika nini."

Bravin akajitetea, "Fundi, si hii kitu ilikuwa inakatika kila saa."

"Kukatika ndiyo kazi yake. Wewe ukikatazwa na mama yako unamtafuta mama mwingine?"

Karakana nzima ilicheka, na Simeon alicheka mpaka kiazi kikamtoka mdomoni. Lakini nilimwona Fundi baada ya watu kutawanyika. Alikuwa ameishika ile fyuzi ya thelathini kwenye kiganja, na hakuwa akicheka.

Sasa nieleze ile tabia iliyompatia jina la mharibifu. Fundi hakuamini maandishi. Pakiti mpya ya fyuzi ilipofika, kumi ndani yake, alitoa moja na kuiteketeza kwa makusudi. Alikuwa na ubao wenye balbu sita za taa za lori, kila moja ikila ampea tano, na betri kuukuu pembeni. Fyuzi ya kumi na tano ilipaswa kuvumilia balbu tatu bila shida. Kisha aliwasha zote sita, chumba kikawa cheupe kama nje, akaanza kuhesabu. Ikikatika kabla hajafika tano, pakiti ilipata alama ya chaki na kupanda rafu ya juu stoo kwangu. Ambazo hazijapimwa zilikaa rafu ya chini, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba karakana ya Migori inateketeza vifaa vipya bila sababu. Fundi aliibandika barua hiyo ukutani karibu na ubao wa balbu, akaendelea kuteketeza.

Nafika sasa mahali ambapo nilikuwa nikiogopa kufika tangu nilipopewa kalamu.

Jumatatu tarehe 6 Mei mwaka jana nilipokea pakiti moja ya fyuzi za kumi na tano, yenye maandishi ya manjano. Nilikuwa nimeisaini, nimeishika mkononi, simu ikalia. Ilikuwa hospitali ya Homa Bay alikolazwa Simeon kwa ajili ya figo, na sauti ya kule iliniambia nije bila kuchelewa. Niliiweka pakiti pale mkono ulipofika, nikafunga stoo, nikamwachia funguo Sheila wa ofisi, nikaondoka. Simeon alifariki jioni hiyo. Nilimkuta bado ana joto miguuni.

Mkono wangu uliiweka rafu ya juu.

Fundi alichukua likizo kutusaidia na mazishi. Alikuwa nyumbani kwetu Uriri tangu Jumanne ya wiki iliyofuata, akifunga taa za uani na kuhangaika na spika za kanisa. Kwa hiyo hakuwepo Jumatano Bravin alipotoka Sori kuja stoo. Fyuzi ya kwadi ilikuwa imekatika mara mbili kwa siku mbili na hakuwa na ya akiba. Fundi angekuwepo angemwuliza swali moja, kwa nini imekatika, na asingempa chochote mpaka kiti kinyanyuliwe. Sheila hakujua kuuliza hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alitazama rafu ya juu kama alivyoelekezwa, akampa mbili kutoka kwenye pakiti ya manjano. Sina neno naye. Alifuata utaratibu kama alivyoujua, kwani habari ya chaki hakuelezwa. Ni mimi niliyekuwa nimeuvunja.

Mazishi yalikuwa Alhamisi tarehe 16. Ibada ilianza saa nne. Fundi alikuwa miongoni mwa wanaume sita wa kubeba jeneza. Kabla ya mahubiri watu walikuwa wakipewa chai nyuma ya nyumba, na Sheila, kwa kutafuta la kumwambia mtu mwenye huzuni, akamsimulia kwamba kazi inaendelea vizuri, Bravin alikuja jana kuchukua fyuzi baada ya zake kukatika mara mbili. Akasema, "Hizi mpya ni kali, Fundi. Amenipigia leo asubuhi, anasema hazikatiki kabisa."

Sheila ameniambia kwamba Fundi aliweka kikombe chini kwenye nyasi bila kutazama kama kimesimama. Alimwuliza pakiti ilikuwa na maandishi ya rangi gani, na aliitoa rafu gani. Kisha akaanza kupiga simu. Ya Bravin haikupatikana. Alipiga zahanati ya Sori, akaambiwa Bravin na muuguzi Rispa Maroa walitoka saa tatu kwenda ng'ambo ya mto Kuja, kwenye vijiji vilivyozingirwa na maji, kuchanja watoto. Kule hakuna mtandao mvua ikinyesha.

Nilikuwa nimeketi kati ya mawifi zangu alipokuja akachuchumaa mbele yangu. Wao walidhani amekuja kunipa pole kwa mara nyingine. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliongea chini sana, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Bitutu, ile pakiti ya manjano. Sikuipima. Waya wa Bravin umechubuka mahali, ndiyo maana ilikatika mara mbili. Sasa haikatiki."

Nilijua hapo hapo ni mkono wa nani. Niliiona rafu, nikaiona simu, nikauona mkono. Nikatazama jeneza, kisha nikamtazama yeye, kwa sababu nilielewa alichokuja kuomba na kwamba hangeweza kukitamka.

Nikamwambia, "Nenda, Fundi. Simeon hana haraka tena."

Aliondoka na pikapu ya mradi akiwa na suti yake nyeusi. Watu waligeuka kutazama vumbi lake. Mchungaji alikuwa ameanza kusoma.

Sijui mahubiri yalihusu nini. Nawaombeni radhi wote mliohubiri na kuimba siku hiyo, sikusikia. Simu ilikuwa kifuani, na kila nilipopumua niliihisi. Nilikuwa nikimzika mume wangu, na macho yangu yalikuwa Nyatike, chini ya kiti cha kwadi, nikiutazama waya. Nilijaribu kumkumbuka Rispa alivyo, nikapata tu kwamba ana mwanya na kwamba mtoto wake wa pili alikuwa hajatimiza mwaka. Wifi yangu alinishika mkono akaniambia nilie, nisijizuie. Sikuwa nikijizuia. Nilikuwa nikisubiri simu.

Yaliyotokea upande wa pili nimeyapata kwa Rispa na Bravin wenyewe, maana Fundi hajawahi kuyasimulia.

Walipokuwa wakivuka maji Rispa alisikia harufu kama ya kitana cha plastiki kilichodondokea motoni. Alimwambia Bravin. Bravin akasema ni tope limeshika ekzosi, na kwa kweli lilikuwa limeshika. Walifika saa tano kwenye uwanja wa kanisa, akina mama wakiwa wamepanga mstari tangu asubuhi. Kwadi iliegeshwa kando ya ukuta na injini ikaachwa ikinguruma, kwa sababu friji ilihitaji umeme. Watoto waliokwisha kuchanjwa walipata mchezo. Walikipanda kiti, mmoja akashika usukani, wengine wakakaa nyuma yake juu ya friji, wakaanza safari ya kwenda Kisumu.

Pikapu ya Fundi ilizama kilomita mbili kabla ya kufika. Aliiacha mlango ukiwa wazi akatembea, maji yakimfika magotini, viatu vya mazishi mkononi. Ilikuwa karibu saa saba alipotokea kwenye uwanja ule. Rispa alimwona kwanza akadhani ni mhubiri aliyepotea. Halafu akamtambua, akaona anachokitazama: moshi mwembamba, kama wa sigara iliyosahauliwa, ukitoka chini ya kiti, na juu ya kiti watoto saba.

Bravin anasema yeye angepiga kelele. Fundi hakupiga. Mtoto akishtuka juu ya kitu hushikilia kitu hicho. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye kwadi, akatoa mfukoni lile kopo lake la peremende za kifua analotembea nalo kila mahali, akalitikisa. Akawauliza watoto kwa Kijaluo chake kibovu, kwa sauti ya mtu aliyekaa barazani kwake, nani kati yao anajua kupanga foleni kwenye ule mti wa mbali. Walishuka wote isipokuwa mmoja, yule wa usukani, ambaye alisema bado hajafika Kisumu.

Fundi akamwendea taratibu, akimwambia kwamba Kisumu ndiyo hii, amefika, abiria wote wameshashuka. Akambeba kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akazima injini.

Alimkabidhi Rispa mtoto, akamwambia awapeleke watu wote nyuma ya kanisa na wasichungulie. Bravin alitaka kubaki. Fundi alimfukuza kwa maneno ambayo Bravin amekataa kunitajia. Kisha akakinyanyua kiti peke yake, akafungua betri, akang'oa waya.

Waya ulikuwa umechubuliwa na fremu kwenye kona moja. Kila kwadi iliporuka shimo, chuma kilikuwa kikigusa chuma, na zile fyuzi mbili za mwanzo zilikuwa zimekatika kwa haki, zikimwambia Bravin kuna kidonda. Ya tatu ilinyamaza. Gamba la waya lilikuwa limeyeyuka urefu wa mkono mzima, na ubavuni mwa tangi, pale waya ulipokuwa umeegemea, plastiki ilikuwa imebonyea kama ugali uliobonyezwa kwa kidole gumba. Haikuwa imetoboka. Rispa ameniambia alipoonyeshwa baadaye aliweka kidole chake pale, kikaingia.

Barafu za akiba zilikuwa bado ngumu, kwa hiyo Fundi alihamishia chanjo kwenye kisanduku baridi cha kubeba mkononi. Watoto arobaini na watatu walichanjwa siku hiyo. Kopo la peremende lilirudi tupu.

Uriri alifika saa kumi na moja jioni, baada ya wanakijiji kumsaidia kuikwamua pikapu. Tulikuwa tumeshamzika Simeon, mtu mwingine akiwa ameshika mahali pake kwenye jeneza. Alisimama kando ya kaburi akiwa na tope mpaka kiunoni, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa Simeon, akasema mbele ya wazee na wageni kwamba hajawahi kuona mtu anayeacha mazishi ya rafiki yake akakimbilie mashine. Fundi aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Alipopita karibu yangu alisema maneno matatu tu, "Wote wako salama," akaenda kuvaa shati aliloazimwa.

Jumatatu iliyofuata alizipima zile nane zilizobaki mbele yetu. Aliwasha balbu sita, akahesabu mpaka tano, mpaka ishirini, mpaka sitini. Balbu ziliendelea kuwaka, na tukaanza kusikia harufu ya nyaya za ubao wenyewe. Akazima, akaweka ya pili. Zote nane zilikuwa hivyo. Zilikuwa zimeandikwa kumi na tano na ndani yake hapakuwa na kitu cha kukatika. Mkaguzi yule angeziona ni nzima.

Ripoti yake ilikuwa na sentensi mbili. Pakiti haikupimwa. Kosa ni la karakana. Makao makuu walimwandikia barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na minane, na ikawekwa kwenye faili lake. Uriri nako jina lake likabaki la mtu aliyeacha maiti akafuata mashine.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mjane mpya, watoto wawili shuleni, na kazi ilikuwa ndiyo iliyobaki. Baada ya majuma mawili nilimwendea nikamwambia ni mimi. Alikuwa akipanga spana. Akajibu kwamba anajua, alijua tangu Sheila alipotaja rafu. "Mama Bitutu, ulikuwa umeshika simu ya hospitali. Achia hapo." Kisha akanionyesha alichokuwa amefanya: ameiondoa rafu ya chini kabisa, na pakiti zisizopimwa sasa zinakaa ndani ya karakana, kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo shingoni mwake. Alibadilisha utaratibu ili mkono wa mtu mwenye msiba usiweze kukosea tena. Hakumwambia mtu sababu.

Tangu tangazo la kustaafu kwake litoke, nimekuwa nikiamka na hofu. Waendeshaji nao wanayo, ingawa wanaificha kwa mizaha. Wiki iliyopita nilimkuta Bravin amekinyanyua kiti cha kwadi, amepiga magoti, anapitisha kidole kwenye waya mzima, inchi kwa inchi, macho yamefungwa. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema hajui, lakini Fundi akishaondoka hakutakuwa na wa kumwuliza kwa nini. Sheila sasa ndiye mwenye ufunguo. Juzi alichoma fyuzi yake ya kwanza, akahesabu kwa sauti, na ilipokatika kwenye tatu alikaa kwenye lile tairi akafuta jasho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsaidia, na nadhani ilimgharimu.

Fundi, kurasa hizi hukuonyeshwa kabla. Unazisoma leo pamoja na wengine, na nakufahamu, umeshaanza kutafuta mlango. Tafadhali kaa.

Jumanne ya wiki jana nilipeleka ofisini maelezo yangu, yenye sahihi, ya tarehe 6 Mei na rafu ya juu. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili lako. Yangu bado haijaandikwa. Nimeambiwa nisubiri, nami nasubiri. Naogopa kidogo kuliko nilivyokuwa nikiogopa nilipokuwa kimya.

Jumapili nilikwenda Uriri nikamweleza shemeji yangu yote: pakiti, moshi, watoto saba, na kwamba ni mimi niliyekuambia uende. Aliuliza kama mmoja wa watoto wale alikuwa mdogo. Nikamwambia yule wa usukani alikuwa na miaka minne. Akauliza sherehe ni lini na viatu gani vinavaliwa. Yuko safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, mwenye kofia. Amesema atasimama kukusalimia mbele ya watu, kwa kuwa alikusema mbele ya watu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Migori, Homa Bay, Sori na Ntimaru, na kwa niaba ya Simeon, tunakushukuru. Nenda Rodi Kopany kwenye migomba yako. Ukalale mchana ukitaka, na simu ikilia iwe ni mjukuu. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu, Fundi, na hofu yetu utuachie sisi. Sasa ni zamu yetu kuibeba.